Nani Ameitika? Kompyuta na Mawasiliano ya Redio kwa Ishara Hafifu

Kila baada ya sekunde 15, usiku na mchana, maelfu ya kompyuta zilizounganishwa na redio duniani hubadilishana zamu. Zile zilizokuwa zikipiga hodi hunyamaza na kusikiliza. Zile zilizokuwa kimya hujibu. Ishara nyingi zinazopita kati yake ni hafifu kiasi kwamba ukisogeza sikio kwenye spika utasikia mvumo tu, kama mvua inayonyesha mbali juu ya bati. Kompyuta, hata hivyo, huzisikia, huzifumbua na kuziandika kwenye kioo: kituo fulani cha Japani kinaita, kituo fulani cha Brazili kimekijibu.

Wanaoendesha vituo hivyo ni wapenzi wa redio za ridhaa, na programu wanayoitumia wengi wao inaitwa WSJT-X. Katika makala hii tunaeleza programu hiyo ilitoka wapi, inafanyaje kazi, na kwa nini imezua mjadala mkali miongoni mwa watumiaji wake. Mjadala wenyewe unaweza kuwekwa katika swali moja: kama kompyuta yangu imeita na kompyuta yako imejibu wakati sote wawili tumelala, je, tumewasiliana? Swali hili linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kugusa redio ya aina hiyo, maana siku hizi kompyuta hutuandikia barua, hutujibia ujumbe na kututumia salamu za sikukuu. Watu wa redio walikutana nalo mapema, na jibu lao linafaa kusikilizwa.

Redio ya ridhaa ni nini?

Neno "ridhaa" tunalijua zaidi katika michezo: bondia wa ridhaa hupigana bila kulipwa. Redio ya ridhaa ni vivyo hivyo. Kanuni za shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, zinaitambua kuwa huduma ya kujifundisha, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioruhusiwa kisheria, kwa kupenda ufundi wa redio tu na bila kutafuta fedha. Haina vipindi, haina matangazo ya biashara, wala hairushi muziki kwa umma. Ni mtu anayewasiliana na mtu mwingine.

Anayetaka kurusha mawimbi lazima awe na leseni. Nchini Tanzania mwenye mamlaka hayo ni TCRA; Kenya na nchi nyingine zina mamlaka zao. Pamoja na leseni, mtu hupewa alama ya wito, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiofanana na wa mtu mwingine yeyote duniani. Mwanzo wa alama hutaja nchi: 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda, 9X ni Rwanda, 9U ni Burundi, 9Q ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na HV ni Vatikani. Alama hiyo ndiyo jina la mtu hewani. Kila kinachorushwa chini ya alama yake ni dhamana yake mbele ya sheria. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Kanisa si geni katika uwanja wa redio. Papa Pio XI alizindua Radio Vatikani tarehe 12 Februari 1931, na aliyeijenga alikuwa Guglielmo Marconi mwenyewe. Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe naye alianzisha kituo cha redio katika konventi ya Niepokalanów, Poland, mwaka 1938, na wapenzi wengi wa redio za ridhaa humtaja hadi leo kuwa mwombezi wao.

Mwanasayansi wa nyota na ishara hafifu

Programu tunayoizungumzia ilianzishwa na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani ambaye ni mpenzi wa redio za ridhaa tangu ujana wake. Alama yake ya wito ni K1JT. Mwaka 1974 yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse, wakitumia antena kubwa ya Arecibo huko Puerto Rico, waligundua pulsa inayozungukana na nyota nyingine. Pulsa ni nyota iliyokufa ambayo huzunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya mawimbi ya redio kwa mpangilio kama wa saa. Kwa ugunduzi huo wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993.

Kazi ya kusikiliza pulsa ni kazi ya kutafuta pigo dogo lenye mpangilio ndani ya kelele kubwa isiyo na mpangilio. Taylor aliuchukua ujuzi huo akaupeleka kwenye redio za ridhaa. Mwaka 2001 alitoa programu aliyoiita WSJT. Mwanzoni ilikusudiwa kwa njia ngumu: kurusha mawimbi yakadunda kwenye mikia ya vimondo angani, na baadaye hata kwenye mwezi. Mwezi uko umbali wa takribani kilomita 384,000, na ishara huchukua kama sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi, ikirejea ikiwa imechoka kabisa. Kabla ya hapo aliyetaka kuwasiliana kwa kupitia mwezi alihitaji antena kubwa na nguvu nyingi za umeme. Kwa msaada wa programu hiyo, watu wenye vifaa vya kawaida zaidi wakaanza kufanikiwa.

Mwaka 2005 msimbo wa programu uliwekwa wazi ili yeyote aweze kuusoma na kuuboresha. Kisha mwaka 2017 ukatolewa mtindo mpya wa kurusha unaoitwa FT8. Herufi F na T zinatokana na majina ya Franke na Taylor, yaani Steve Franke, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Illinois, na Taylor mwenyewe. Tarakimu 8 inatokana na toni nane zinazotumika.

Ulikuja wakati wake. Mawasiliano ya mbali kwa mawimbi mafupi hutegemea ionosfia, tabaka la juu la hewa linaloyarudisha mawimbi duniani, na tabaka hilo hupata nguvu kutoka kwenye jua. Shughuli za jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takribani miaka 11, na mwaka 2017 zilikuwa zikishuka kuelekea kiwango cha chini kilichofikiwa Desemba 2019. Sauti za watu zilipokuwa zikipotea hewani, FT8 iliendelea kusikika. Ndani ya miaka michache ikawa miongoni mwa mitindo inayotumika zaidi katika redio za ridhaa.

Kompyuta husikiaje kile sikio lisichosikia?

Siri ya FT8 inaweza kuelezwa kwa mambo manne.

La kwanza ni kusema machache. Ujumbe mmoja una biti 77 tu, na biti ni sifuri au moja, kama jibu la hapana au ndiyo. Alama ya wito hubanwa katika biti 28, ambazo zinatosha kutofautisha alama zaidi ya milioni 268. Mahali alipo mtu hubanwa katika biti 15. Hilo linawezekana kwa sababu ramani ya dunia imegawanywa katika miraba 32,400, na kila mraba una jina la herufi mbili na tarakimu mbili. Dar es Salaam imo katika mraba KI93, Nairobi KI88, Vatikani JN61. Biti 15 hutoa nafasi 32,768, kwa hiyo miraba yote inaenea na nafasi chache hubaki kwa kazi nyingine. Anayetaka kuandika maneno yake mwenyewe amepewa herufi 13 tu kwa mkupuo, pamoja na nafasi kati ya maneno.

La pili ni kuongeza ushahidi. Tuchukue mfano wa daftari la mhazini wa kigango. Kila mstari una jumla yake pembeni, na kila safu ina jumla yake chini. Mchwa wakila tarakimu moja, mhazini anaweza kuirudisha kwa kuzitazama jumla. Programu hufanya jambo linalofanana na hilo kwa hesabu zenye nguvu zaidi, ambazo msingi wake uliwekwa na Robert Gallager wa chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa biti 77 za ujumbe huongezwa biti 14 za kuhakiki na biti 83 za kusahihisha, jumla 174. Sehemu kubwa ya ujumbe ikipotea njiani, kompyuta ya mpokeaji hujaza mapengo, kisha hutumia zile biti za kuhakiki kupima kama kilichopatikana ni ujumbe wa kweli au ni bahati ya kelele. Kisichopita kipimo hutupwa. Hata hivyo, mara moja moja ujumbe wa uongo huponyoka, na hapo ni jicho la mtu linaloshtuka kuona alama ya wito isiyowezekana.

La tatu ni kutunza saa. Biti 174 hugeuzwa kuwa toni 58, kila toni ikibeba biti tatu. Huongezwa toni 21 ambazo kila kompyuta inazijua tayari, zikipangwa mwanzoni, katikati na mwishoni, ili msikilizaji ajue ujumbe unaanzia wapi. Hivyo toni zote ni 79, kila moja hudumu sekunde 0.16, na ujumbe mzima huchukua sekunde 12.64. Sekunde mbili na ushei zinazobaki ni za kufumbua na kuamua hatua inayofuata. Vituo vyote huanza kurusha sekunde ya 0, ya 15, ya 30 au ya 45 ya kila dakika. Saa ya kompyuta ikipotoka kwa zaidi ya sekunde moja hivi, mambo huanza kuharibika.

La nne ni kubana njia. Toni hizo nane zimeachana kwa hezi 6.25, kwa hiyo ishara nzima ina upana wa hezi 50. Sauti ya mtu redioni huhitaji kama hezi 2,500. Njia inayomezwa na msemaji mmoja inaweza kubeba vituo 50 vya FT8 vikiwa bega kwa bega.

Nguvu ya ishara hupimwa kwa desibeli, ikilinganishwa na kelele zote zilizomo katika upana wa hezi 2,500. Namba -20 maana yake ishara ni sehemu moja ya mia ya kelele hizo. FT8 bado husomeka ikiwa karibu na -21. Si muujiza. Kelele zilizo nje ya zile hezi 50 huachwa pembeni, na zile hesabu za kusahihisha humalizia kazi iliyobaki.

Hodi na karibu kwa mistari sita

Sasa tutazame mawasiliano yenyewe. Tuchukue kituo cha Dar es Salaam tukiite A, na kituo cha Roma tukiite B. Hewani, mahali pa A na B huwa alama kamili za wito. Mazungumzo yote ni haya:

1. CQ A KI93
2. A B JN61
3. B A -15
4. A B R-08
5. B A RR73
6. A B 73

Mstari wa kwanza ni hodi. CQ ni wito kwa yeyote anayesikia, nao unafuatwa na jina la mwitaji na mraba wake. Katika mstari wa pili B anaitikia: anamtaja A kwanza, kisha yeye mwenyewe, na mraba wake. Katika wa tatu A anamweleza B kwamba anamsikia kwa desibeli -15. Katika wa nne B anasema amepokea, ndiyo maana ya herufi R, naye anamsikia A kwa -08. Wa tano ni uthibitisho wa A kwamba amepata yote, pamoja na 73, namba iliyorithiwa tangu enzi za telegrafu yenye maana ya salamu njema. Wa sita ni B kuaga. Mistari sita ya sekunde 15 kila mmoja ni dakika moja na nusu.

Kila mstari hutegemea kwamba uliotangulia umesikika. B asipopata taarifa yake, hawezi kupeleka R. Kwa desturi ya redio za ridhaa, mtu haandiki kwenye daftari kwamba amewasiliana na mwenzake mpaka wote wawili wawe wamepata alama za wito, taarifa na uthibitisho. Daftari hilo ni ushuhuda: tarehe fulani, saa fulani, mimi na fulani tulisikilizana.

Mashine inafanya nini, mtu anabakiwa na nini?

Kwa kuwa sekunde za kuamua ni mbili tu, waandishi wa WSJT-X waliipa programu uwezo wa kuendeleza mistari yenyewe. Mtu huchagua masafa. Kwa mfano megahezi 14.074 mchana au megahezi 7.074 usiku. Hutazama orodha ya vituo vilivyofumbuliwa, huchagua wa kumjibu, na kubofya mara mbili. Kuanzia hapo programu husubiri zamu yake, hurusha, husoma jibu, huchagua mstari unaofuata, na kuendelea hadi kuagana. Mwishoni hufungua dirisha dogo la kuuliza kama mawasiliano hayo yaandikwe daftarini. Kuna hata kisanduku cha kuiruhusu imjibu mtu wa kwanza aliyeitikia wito wako.

Lakini waliijenga kwa makusudi ili isiendelee yenyewe bila mwisho. Mwanzo wa kila mawasiliano ni uamuzi wa mtu. Pia kuna mlinzi wa muda ndani yake: ikirusha kwa dakika kadhaa bila mwenyewe kugusa chochote, huzima urushaji hadi atakapobonyeza tena.

Msaada huu si wa kudharauliwa. Mzee ambaye masikio yake hayapambanui tena maneno katikati ya mikwaruzo anaweza kuwasiliana. Mpangaji asiyeruhusiwa kusimamisha mlingoti anaweza kutumia waya mwembamba na nguvu za wati chache. Asiyejua Kiingereza hana hofu, kwa kuwa mistari ile sita haina lugha: mtu wa Tanga na mtu wa Osaka huisoma kwa namna moja. Wanaotaka mazungumzo marefu zaidi wana JS8Call, programu iliyojengwa juu ya msingi wa FT8 mwaka 2018, inayowawezesha kuandikiana sentensi.

Mashine inapoachwa peke yake

Ugumu unaanzia hapa. Kwa kuwa msimbo uko wazi, ule uamuzi wa waandishi wa kumdai mtu aanzishe mawasiliano si kufuli. Ajuaye kuandika programu anaweza kuuondoa, na wapo waliouondoa. Matokeo yake ni roboti: kompyuta inayoita, inayochagua vituo vya nchi ambazo mwenyewe hajazipata, inayomaliza mazungumzo, inayoandika daftarini na kutuma uthibitisho kwenye hifadhi za mtandaoni, huku mwenye leseni yuko kazini au amelala.

Kishawishi kinaeleweka. Chama cha redio za ridhaa cha Marekani, ARRL, hutoa tuzo iitwayo DXCC kwa aliyethibitisha mawasiliano na nchi au maeneo 100 tofauti, kati ya orodha yenye zaidi ya 300. Wengine huitafuta kwa miaka. Roboti haichoki, haisinzii, na haikosi mapambazuko, saa ambayo njia nyingi za mbali hufunguka.

Tunaona madhara ya aina tatu.

Dhara la kwanza ni kwa majirani. Katika masafa yale ya megahezi 14.074, watu wa dunia nzima hushirikiana kipande cha upana wa takribani kilohezi tatu. Kituo kinachorusha bila kupumzika hukalia nafasi ya mwingine, na anayeumia zaidi ni yule mwenye ishara dhaifu, ambaye mtindo huu ulitengenezwa kwa ajili yake.

La pili ni la dhamana. Tulisema kwamba kila kinachorushwa chini ya alama ya wito ni mzigo wa mwenye alama. Transimita ikiharibika, ikihama masafa au ikiingilia mawasiliano ya dharura, lazima awepo mtu wa kuizima. Ndiyo maana sheria nyingi hazikichukulii kituo kinachojiendesha kuwa sawa na kile chenye msimamizi. Marekani, kwa mfano, kanuni zinavitofautisha waziwazi na kukiwekea mipaka kile cha kujiendesha. Mwenye leseni hapa kwetu anapaswa kuyasoma masharti ya leseni yake kabla ya kujaribu chochote cha namna hiyo.

La tatu ni la ukweli. Daftari linasema "niliwasiliana", ilhali mwenyewe hakujua hata kama kuna aliyeitika. Kanuni za DXCC zimelishughulikia jambo hili moja kwa moja: kila mawasiliano yanayodaiwa lazima yawe yameanzishwa moja kwa moja, wakati uleule, na mwendeshaji wa kila upande. Kanuni hiyo inaruhusu mwendeshaji awe mbali na redio yake, akiiongoza kwa njia ya intaneti. Mtu anaweza kuwa Mwanza na redio yake ikawa Arusha. Kinachokatazwa ni kutokuwepo kwa mtu anayeamua.

Je, kubofya mara moja kunaongeza nini?

Watetezi wa roboti wana hoja ambayo hatupendi kuiruka. Wanasema: mashine tayari inasikia, inafumbua, inajibu na kuandika. Umemwachia mtu kubofya mara moja tu. Kubofya huko kuna uzito gani hata kukatenganisha mawasiliano ya kweli na ya uongo?

Tujibu kwa mfano wa ofisi ya parokia. Katibu huandaa cheti cha ndoa: huandika majina, tarehe, mashahidi, namba ya daftari. Kazi karibu yote ni yake, na siku hizi hata kompyuta humsaidia. Paroko huweka saini kwa sekunde mbili. Kwa kipimo cha jasho, saini si kitu. Lakini kwa saini hiyo paroko anasema: nimelitazama hili, nami ninalibeba. Sasa tuseme paroko, kwa kuepuka usumbufu, amesaini karatasi 100 tupu na kumwachia katibu kwenye saraka. Vyeti vitatoka haraka, na pengine vyote vitakuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna hata kimoja ambacho paroko amekishuhudia, na siku kimoja kitakapokuwa na kosa, saini yake itakuwa imeshuhudia asichokijua.

Roboti ya FT8 ni zile karatasi tupu zilizosainiwa. Tunachokipinga ni jina la mtu kutumika mahali ambapo mtu huyo hakuwepo. Wingi wa kazi aliyoifanya mashine si tatizo.

Mashine zisizodai kuwa mtu

Ushahidi kwamba mashine yenyewe haina kosa unapatikana ndani ya programu hiyohiyo. Mwaka 2008 Taylor alitoa mtindo mwingine unaoitwa WSPR, jina linalotamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya mnong'ono. Kituo cha WSPR hurusha kwa karibu dakika mbili alama yake ya wito, mraba wake na nguvu anazotumia, mara nyingi chini ya wati moja. Vituo vingine husikiliza na kupeleka taarifa kwenye hifadhi ya pamoja mtandaoni. Mara nyingi hakuna mtu anayekaa mbele ya kioo, na hakuna anayedai kwamba amezungumza na mwenzake. Kinachoandikwa ni kwamba ishara ya hapa imefika pale. Kinaitwa kipimo, nacho ni kipimo.

Vilevile vituo vingi vya FT8 hupeleka orodha ya vilivyosikika kwenye PSK Reporter, ramani ya mtandaoni inayoonyesha nani anasikika wapi dakika hiyohiyo. Kusikiliza huko hufanywa na kompyuta peke yake, na hakumpunguzii mtu chochote. Tarehe 21 Agosti 2017, jua lilipopatwa Marekani, wanasayansi na wapenzi wa redio katika mradi wa HamSCI walitumia taarifa za namna hii kuchunguza jinsi kivuli cha mwezi kilivyoibadilisha ionosfia. Hakuna chuo ambacho kingeweza peke yake kusambaza vipokezi vingi namna ile.

Kwa hiyo mpaka tunaouona haupiti kati ya kazi ya mkono na kazi ya mashine. Unapita kati ya kituo kinachosema wazi kilivyo na kile kinachojifanya mtu. WSPR ni mashine na inajiita mashine. FT8 huandika daftarini kwamba watu wawili wamekutana, kwa hiyo lazima watu wawili wawe wamekutana, hata kama ni kwa mistari sita tu.

Tukirudi nyumbani

Mpaka huo unaweza kutufaa nje ya redio. Kengele ya kanisa inayopigwa na saa ya umeme haimdanganyi mtu. Wala ujumbe wa simu unaotujulisha kwamba ratiba ya misa imebadilika. Ni matangazo, nasi tunayapokea kama matangazo. Lakini ujumbe wa pole ya msiba, uliotungwa na kompyuta na kutumwa kwa jina la mtu ambaye hata hakuusoma, ni jambo jingine. Mfiwa ataupokea akiamini kwamba kuna aliyemkumbuka. Kompyuta ikitusaidia kupata maneno, vema. Hatua ya kumkumbuka mfiwa, kusoma tulichoandika na kuamua kukituma inabaki kuwa yetu.

Kwa frateri au mwanaparokia anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, si lazima kuanza na antena. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi cha mawimbi mafupi ambacho mtu yeyote anaweza kukisikiliza kupitia intaneti. WSJT-X hupatikana bure. Ukielekeza sauti ya kivinjari kwenye programu, ukaweka masafa ya megahezi 14.074 na kuchagua FT8, kisha ukahakikisha saa ya kompyuta iko sawa, baada ya sekunde 15 mistari itaanza kushuka kwenye kioo. Kwa kuwa unasikiliza tu, hutaweza kumjibu yeyote. Tafuta alama zinazoanza na 5H, 5Z au 9Q. Ukiiona mojawapo, soma mraba wake na utazame ramani. Kama mwenye alama hiyo ameshika desturi tuliyoieleza, muda huo yupo mbele ya redio yake, akisubiri kuona nani ataitika.